Sukari, protini na msaada wa seli T

Bakteria wa Hib, anayeleta nimonia kali na homa ya uti wa mgongo kwa watoto wachanga, amejivika ganda la sukari. Kingamwili zinazolishika ganda hilo zinatosha kumkinga mtoto. Lakini ukimchanja mtoto wa chini ya miaka miwili kwa sukari hiyo peke yake, mwili wake hauitikii ipasavyo. Iunganishe na protini, kama ile ya pepopunda, na mtoto yuleyule atatengeneza kingamwili za kutosha. Katika fani yangu ya kinga ya mwili sioni mfano unaoonyesha kazi ya seli T saidizi, yaani seli nyeupe za damu zinazosaidia seli nyingine za kinga, vizuri kuliko huu.

Seli hizi asili yake ni uboho wa mifupa, kisha huhamia thaimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua. Humo huchujwa vikali. Isiyoweza kutambua molekuli za mwili zinazobeba vipande vya protini hufa. Inayoelekea kuushambulia mwili wenyewe huondolewa. Nyingi mno hazitoki. Miongoni mwa zinazotoka, zenye alama ya CD4 ndizo saidizi, zilezile ambazo VVU huziangamiza.

Seli T hizi husoma vipande vya protini. Sukari tupu haziioni.

Seli B, zile zinazotengeneza kingamwili, kwa upande wake hunasa kitu kizima jinsi kilivyo. Ile inayolitambua ganda la Hib hulimeza pamoja na protini iliyounganishwa nalo, huikatakata protini, kisha hutandaza vipande vyake juu ya utando wake. Ndani ya tezi ya limfu, seli T iliyokwisha kuandaliwa dhidi ya protini hiyo huja kuvikagua. Ikivitambua, huigusa seli B kwa molekuli iitwayo CD40L na kuimwagia interleukini-21, kemikali ambayo seli za kinga hupashana nayo habari. Hapo ndipo ninapostaajabu kila mara: seli T haina habari yoyote ya sukari, lakini msaada wake unaifikia seli B ya sukari.

Baada ya hapo seli B huingia kwenye vituo vya muda ndani ya tezi, hugawanyika kwa kasi na kubadilisha jeni za kingamwili zake. Zinazoshika antijeni, yaani kile kitu kinacholengwa na kingamwili, kwa nguvu zaidi ndizo zinazopata msaada tena, dhaifu hufa. Wapo wavulana wanaozaliwa na hitilafu katika jeni ya CD40L, iliyobainishwa mwaka 1993. Seli B wanazo, IgM, kingamwili ya mwanzo, wanayo, wakati mwingine nyingi kupita kiasi, ila IgG, inayotengenezwa baadaye kwa msaada wa seli T, ni haba mno na maambukizi hayawaachi.

Kenya ilianza kutoa chanjo ya Hib iliyounganishwa na protini Novemba 2001, ndani ya pentavalenti, chanjo moja inayokinga magonjwa matano. Huko Kilifi, ugonjwa mkali wa Hib kwa watoto wa chini ya miaka mitano ulikuwa wagonjwa 66 kwa kila 100,000 katika mwaka uliotangulia. Mwaka wa tatu wa chanjo, walikuwa chini ya 8.

Ndiyo maana mama huambiwa amrudishe mtoto wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Kila dozi huzikuta seli T na B za kumbukumbu zilizoachwa na dozi iliyotangulia, nazo huitikia haraka na kwa nguvu zaidi. Tarehe ikikupita, mpeleke hivyohivyo. Ataendelea pale alipoishia, bila kuanza upya.