Mgonjwa wetu yuko ICU: maswali ya ndugu wanaosubiri mlangoni

Mtu akiingizwa ICU ndiyo basi tena?

Hapana. ICU ni chumba cha wagonjwa mahututi, na hofu hii inaeleweka, maana wanaolazwa humo ni mahututi, na vifo ni vingi kuliko wodini. Lakini kitanda cha ICU hupewa mgonjwa ambaye madaktari wanaona bado lipo la kumfanyia. Wengine hukaa humo usiku mmoja au mbili tu baada ya upasuaji mkubwa, waangaliwe kwa karibu, kisha wanarudishwa wodini.

Kuna nini humo ambacho wodini hakuna?

Watu kwanza, mashine baadaye. Muuguzi wa wodi ana wagonjwa wengi. Wa ICU, panapokuwa na watumishi wa kutosha, ana mmoja au wawili. Anaona mkojo unapungua, anaona presha inaanza kuteremka, anachukua hatua mapema.

Huduma hii ilianzia Copenhagen, Denmark. Mwaka 1952 mlipuko wa polio uliwapooza watu misuli ya kupumulia, na vyombo vya kuwasaidia havikutosha. Daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, alishauri watobolewe koo, wawekewe mrija, na hewa isukumwe kwa kuminya mfuko kwa mkono. Wanafunzi wa udaktari waliminya mifuko hiyo kwa zamu, usiku na mchana, na vifo vikapungua sana. Desemba 1953 Ibsen akafungua chumba maalumu cha wagonjwa mahututi.

Mashine ya kupumulia inatibu nini?

Haitibu chochote, na hapa ndipo familia nyingi zinapotatizika. Nimonia inatibiwa kwa antibayotiki; mashine inapumua badala ya mapafu yaliyochoka ili dawa ipate muda wa kufanya kazi. Mashine ya kusafisha damu inashika nafasi ya figo. Dawa iitwayo noradrenalini inabana mishipa ili presha isianguke. Vyote vinamshikilia mgonjwa wakati ugonjwa wenyewe unashughulikiwa.

Kwa hiyo ukikutana na daktari, usiishie kuuliza "anaendeleaje?" Uliza: leo anahitaji msaada mwingi kuliko jana, au mdogo? Hewa tunayovuta sote ina oksijeni asilimia 21. Mashine inaweza kumpa mgonjwa hadi asilimia 100. Aliyekuwa anapewa 80 jana, leo anatosheka na 40, mapafu yake yanapata nafuu hata kama bado amelala fofofo. Uliza pia kama dawa ya kupandisha presha imepunguzwa, na kama figo zinatoa mkojo.

Mbona haongei? Anatusikia?

Mrija wa mashine hupitia mdomoni, ukapenya katikati ya nyuzi za sauti, hivyo sauti haiwezi kutoka. Aghalabu anapewa pia dawa za usingizi na za maumivu. Huenda anasikia, kwa hiyo zungumza naye: mtajie jina lako, mwambie ni siku gani na yuko wapi. Na msijadili mazishi wala madeni kitandani pake!

Akizinduka anaweza kuchanganyikiwa: anaona vitu visivyokuwepo, anawashuku wauguzi, anataka kung'oa mirija. Hajarukwa na akili. Ni ubongo uliolemewa na ugonjwa, dawa na kukosa usingizi, na kwa wengi hali hiyo hupita. Kama ana miwani au kifaa cha kusikia, mpelekeeni. Vinasaidia kuliko watu wanavyodhani.

Mashine zinalia, wauguzi hawakimbii. Wamezoea?

Mara nyingi kengele inalia kwa sababu kifaa cha kidoleni kimechomoka, mgonjwa amekohoa, au dripu inakaribia kuisha. Muuguzi anajua ipi ya kukimbilia. Wewe mwite ukiwa na wasiwasi, ila usibonyeze kitu. Unaloweza kumfanyia mgonjwa ni kunawa mikono kabla ya kumgusa na baada ya kumgusa, na kutokwenda kabisa ukiwa na mafua.

Akitoka atakuwa kama zamani?

Si mara moja. Misuli huisha haraka mtu akilala bila kujongea, na wengine hutoka hawawezi hata kusimama. Usahaulifu, ndoto za kutisha na huzuni vinaweza kudumu miezi. Ombeni mpango wa mazoezi ya viungo kabla hajaruhusiwa.

Madaktari wakisema mashine hazisaidii tena?

Waombeni wakae nanyi, waeleze kilichojaribiwa na kilichoshindikana. Watawauliza mgonjwa mwenyewe angependa nini. Jibuni kwa anavyotaka yeye, si mnavyotaka ninyi. Mashine ikiondolewa, huduma haikomi: anaendelea kupewa dawa za maumivu na za kumwondolea shida ya kupumua, na mnaweza kuomba kukaa naye.