Nairobi hadi New York: njia fupi haiko kwenye rula

Tandika ramani ya dunia mezani, kisha piga mstari kwa rula kutoka Nairobi hadi New York. Mstari utakatiza Kongo, Kamerun na Nigeria. Sasa chukua tufe la darasani, shika uzi kwenye miji hiyo miwili na uuvute mpaka ukaze. Uzi utapanda kaskazini: Sudan Kusini, Chad, Niger, Algeria, Morocco, ndipo uingie Atlantiki. Hiyo ndiyo njia fupi. Kwa hiyo abiria anayeona kwenye skrini ndege ikielekea Sahara asidhani rubani anazunguka. Ramani ya karatasi ndiyo iliyovutwa ili dunia ya mviringo ilale bapa.

Uzi ule ni tao, yaani kipande cha duara kubwa linaloigawa dunia nusu kwa nusu. Kulipima kunahitaji kikokotoo cha simu chenye sini na kosini tu, na ningependa kila mwanafunzi wa sekondari alijaribu.

Uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, uko latitudo nyuzi (yaani digrii) 1.32 kusini na longitudo 36.93 mashariki. Uwanja wa John F. Kennedy, New York, uko 40.64 kaskazini na 73.78 magharibi. Kusini huandikwa kwa alama ya kutoa, na hapo ndipo wengi huteleza. Longitudo zetu ziko pande mbili za Greenwich, mstari wa longitudo sifuri, kwa hiyo tunazijumlisha: 110.71.

Zidisha sini za latitudo mbili: unapata -0.0150. Zidisha kosini zake, kisha zidisha tena kwa kosini ya 110.71: -0.2683. Jumla ni -0.2833. Tafuta pembe yenye kosini hiyo: nyuzi 106.46. Kila digrii moja ya tao ni kilomita 111.2, basi umbali ni takriban kilomita 11,840. Ukichukua nyuzi zilezile kana kwamba ni miraba ya daftari la hesabu, utapata kama 13,160. Umeongeza umbali wa safari nzima ya Nairobi na Dar es Salaam, kwenda na kurudi!

Marubani na mabaharia huipenda maili ya baharini kwa sababu inatokana na tao hilohilo. Digrii moja ina dakika 60, na dakika moja ya tao ni maili moja, yaani kilomita 1.852. Nyuzi 106.46 zikizidishwa kwa 60 ni maili 6,388, bila kuhangaika.

Jibu letu linaweza kupishana kidogo na la wataalamu wa upimaji, kwa kuwa dunia imebonyea kwenye ncha: nusu kipenyo chake ni kilomita 6,378 kwenye Ikweta na 6,357 kwenye ncha. Tofauti haifiki asilimia moja.

Umbali huu, hata hivyo, si saa za safari. Kenya Airways ilipoanza kuruka moja kwa moja Oktoba 2018, ratiba ilikuwa kama saa 15 kwenda na 14 kurudi. Kilomita ni zilezile, ila pepo za juu katika latitudo za kati huvuma kutoka magharibi, zikaikabili ndege inayokwenda Marekani na kuisukuma inayorudi nyumbani.