Makunazi ya mama jirani: shairi la Du Fu lisilonitoka

Ninatafsiri mashairi ya Kichina ya enzi ya Tang, na nikiulizwa ni mshairi gani ninayempenda kupita wote, jibu langu ni lile lile: Du Fu, aliyezaliwa mwaka 712 na kufariki 770. Watu hutarajia nitaje mashairi yake makubwa ya vita. Mimi huwaonyesha kwanza shairi la mistari minane kuhusu mti wa matunda na ua wa fito.

Mwaka ni 767. Du Fu ana miaka 55 na anaishi Kuizhou, mji ulio kando ya mto Yangtze, pale mto unapoingia kwenye magenge ya Qutang. Katika shairi jingine la huko huko anasema nusu ya meno yake yameng'oka na sikio la kushoto halisikii. Majira ya mavuno alihamia Dongtun, kwenye mashamba ya mpunga, na nyumba yake akamwachia ndugu wa upande wa ukweni, kijana wa ukoo wa Wu, ofisa wa sheria aliyekuja kwa mashua kutoka Zhongzhou. Mbele ya nyumba hiyo palikuwa na mkunazi. Mama wa nyumba ya magharibi alizoea kuja kuangua makunazi, na Du Fu alimwacha. Wu alipoingia akasimamisha ua. Habari zikamfikia mzee, naye akamwandikia barua kwa shairi, jambo lisilomshangaza msomaji wa pwani yetu, ambako watu wameandikiana na kujibizana kwa beti tangu zamani.

Nimelitafsiri hivi:

Mbele ya nyumba, jirani wa magharibi akiangua makunazi, mwache;
hana chakula, hana mwana, mwanamke mmoja peke yake.
Kama si dhiki, angefikia hili?
Ni kwa kuwa anaogopa ndiyo maana yatupasa kumsogelea zaidi.
Kumhofia mgeni wa mbali ni kujitia wasiwasi tu, kweli;
lakini ukichomeka ua, hata wa fito za kuachana, hofu yake itakuwa na sababu.
Amekwisha kunieleza jinsi kodi zilivyomfukarisha hadi mifupani;
nawaza farasi wa vita, machozi yanajaa kitambaani.

Turudi mstari wa pili. Kwa Kichina ni silabi saba tu: wu shi wu er yi fu ren. Jina halimo, umri haumo, sura haimo. Hayo maneno mawili ya mwanzo, wu shi, yaani kukosa chakula, hunisimamisha kila ninapoyafikia, kwa sababu Du Fu alikwisha kuyatumia miaka 12 nyuma, na hapo hayakuwa ya jirani. Mwishoni mwa mwaka 755 alisafiri kutoka mji mkuu, Chang'an, kwenda Fengxian alikoiacha familia yake. Alipofika mlangoni akasikia kilio. Mwanawe mdogo amekufa kwa njaa. Aliandika kwamba anaona haya kuwa baba, maana ni wu shi iliyomkatisha mtoto maisha. Na ndani ya shairi hilo hilo, kabla machozi hayajakauka, anakumbuka kwamba mtu wa nasaba yake halipi kodi wala haandikishwi jeshini. Ikiwa yeye yamemfika haya, watu wa kawaida wana hali gani? Fikra zake zinawaendea waliopoteza mashamba na askari waliopelekwa mipaka ya mbali. Kwa hiyo anapoandika kwamba mama yule hana chakula wala mwana, anaandika mtu aliyeyaona hayo nyumbani kwake.

Ufundi wake nao una habari. Hii ni bahari ya lushi: mistari minane, hapa kila mstari mizani saba, kituo baada ya mizani ya nne, na kina kimoja mwishoni mwa mistari ya shufwa. Mstari wa tatu na wa nne, wa tano na wa sita, sharti isimame jozi jozi, neno likikabili neno. Kwa kawaida jozi hizi hujazwa picha, mlima ukakabili mto, mwezi ukakabili wingu, na hakuna aliyelifanya hilo vizuri kuliko Du Fu mwenyewe. Hapa ameziacha picha zote. Jozi zake zimejaa vijineno vya kuunganisha: kama si, ni kwa kuwa, ingawa, lakini. Mshairi wa lushi huvikwepa kwa kuwa vinakula mizani. Du Fu anavihitaji kwa sababu anamsihi mtu. Sikiliza mstari wa tano: anaanza kwa kumtetea Wu, kwamba ni kweli mama yule anajitia wasiwasi bure. Ndipo anapogusa ua.

Neno lililonisumbua zaidi ni ren, la mstari wa kwanza. Rasimu yangu ya mwanzo ilisema "mruhusu". Nikaona nimekosea. Anayeruhusu ni mwenye mali, na anayeruhusiwa amekwisha kuwa mwombaji. "Mwache" inamwondoa mwenye nyumba pale mtini. Na matunda yenyewe nilikuwa nimeyaita tende za Kichina, kwa kufuata kamusi, mpaka nilipotambua kwamba mti huo ni wa jamii moja na mkunazi wetu, ule ulioupa jina mtaa wa Mkunazini kule Unguja. Tangu hapo shairi limekuwa karibu nami zaidi.

Kuhusu kodi, uasi wa An Lushan, jemadari aliyeigeuka serikali ya Tang, ulianza mwishoni mwa 755 na kuisha 763. Daftari za serikali zilikuwa na watu kama milioni 52.9 mwaka 755, na mwaka 764 milioni 16.9 hivi. Hawakufa wote waliopungua. Wengi walikimbia makwao, na serikali ikapoteza hesabu ya majimbo mazima. Majeshi yalihitaji kulishwa vile vile, na mzigo ukawaangukia waliobaki daftarini. Ndiyo maana shairi lililoanza na fimbo mkunazini linaishia kwa farasi wa vita bila kuruka hatua hata moja.

Limebaki jambo la kichwa cha shairi. Barua ya kwanza kwa Wu, ile ya kumwazima nyumba, Du Fu aliiita jian, yaani waraka mfupi tu. Hii ya pili ameiita cheng, neno la kuwasilisha kitu mbele ya mkubwa. Wu alikuwa mdogo wake kwa umri, na anaishi katika nyumba ya mzee. Nimekiandika kichwa hivi: "Naleta tena mbele yako, Bwana Wu."