Hao Si Fangasi, Hiyo Ni Chumvi

Wiki iliyopita niliitwa Tabata kukagua nyumba ya vyumba sita ambayo mama mmoja alitaka kuinunua apangishe. Sebuleni, kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno, rangi ilikuwa imevimba na kubanduka, na unga mweupe umejikusanya chini ya ukuta. Dalali akawahi: "Hao fangasi tu, mama. Dawa yao ipo, unapaka, unapiga rangi juu, kwisha." Kwa mwaka huu kauli hiyo nimeisikia kuliko shikamoo.

Fangasi ni kiumbe hai. Hukaa kona za bafu, nyuma ya kabati, kwenye dari inayovuja. Mara nyingi ni mweusi au wa kijani, na chumba kinanuka uvundo. Unga mweupe wa chini ya ukuta ni chumvi. Ukibisha, kwangua ule unga laini, utie kwenye glasi ya maji ukoroge: chumvi itayeyuka. Ukuta hunywa maji ya ardhini kama utambi wa koroboi unavyopandisha mafuta ya taa. Maji yanapanda na chumvi yake, yanakaukia juu, chumvi inabaki ndani ya lipu ikiganda punjepunje na kuisukuma mpaka imomonyoke. Sasa dawa ya kuua fangasi itaua nini hapo?

Kinachoniudhi zaidi ni rangi ya "kuzuia maji". Ukiuziba ukuta kwa ndani, maji hayaachi kupanda, yanatafuta pa kutokea juu zaidi. Nimeona doa lililokuwa magotini likafika kwenye swichi. Na anayepiga jipsamu juu ya ukuta wa namna hiyo, sina la kumwambia. Jipsamu ikilowa inalainika.

Uliza maji yanatoka wapi. Pengine nailoni ya kuzuia maji ya ardhini yasipande haikutandikwa kabisa kati ya msingi na kozi (safu) ya kwanza ya tofali. Pengine ipo, lakini mwenye nyumba amemwaga kifusi na kupanga pevingi hadi uwanja ukapanda kuliko sakafu, kwa hiyo maji yanaingilia juu ya nailoni. Pengine karo, shimo la maji machafu, limechimbwa hatua mbili kutoka ukutani. Karibu na ufukwe, mchanga wenyewe uliojengea unaweza kuwa wa baharini, wenye chumvi tayari, na hiyo nyumba mimi nakwambia iache. Kushusha uwanja uwe sentimita 15 chini ya nailoni ni kazi ya vibarua. Kukata ukuta na kupachika nailoni mpya, kipande kifupi baada ya kipande ili nyumba isibaki hewani, ni kazi ya fundi mtulivu na pesa ya maana.

Halafu kuna muda, ambao hakuna mnunuzi anayeupigia hesabu. Ukishaziba chanzo, unabandua lipu hadi futi moja juu ya doa, kisha unauacha ukuta ukauke: kadirio letu ni mwezi kwa kila inchi ya unene. Tofali la inchi 6 linakula nusu mwaka. Wale wapangaji uliowaahidi funguo mwezi ujao, kodi yao iondoe kwenye daftari.

Kwa hiyo nenda ukaione nyumba wakati wa masika, na usogeze kabati. Ukikuta sebule imebandikwa vigae ukutani hadi kiunoni, au rangi mpya imeishia mita moja, gonga kwa kifundo cha kidole. Lipu iliyoachia italia kama debe tupu.

Kauli nyingine za madalali, kwa ufupi. "Nyufa zote ni za lipu." Zile nyembamba kama utando wa buibui, sawa. Ufa unaoshuka kwa ngazi ukifuata viungo vya tofali, au unaotoka kona ya dirisha na kuingia kidole, ni msingi unazungumza. Andika tarehe kwa penseli kwenye ncha zake, urudi baada ya miezi miwili. Dalali akikuharakisha, mwache aharakishe.

"Bati jipya, paa zima." Bati linafunika tu. Panda darini na tochi, choma kenchi, zile mbao zinazobeba bati, kwa bisibisi. Ikizama kama kwenye boga, mchwa wametangulia kununua.

"Umeme unawaka, waya ziko sawa." Kuwaka hakuthibitishi usalama. Tafuta kikata umeme chenye kitufe cha T, kile kinachokata umeme unapovuja, ukibonyeze. Kisipokata, hakimlindi mpangaji wako. Kama hakipo kabisa, kiingize kwenye hesabu ya matengenezo kabla hujataja bei.

Yule mama wa Tabata nilimzungusha nyuma ya sebule nikamwonyesha mfuniko wa karo, umegusana na ukuta. Dalali akasema karo nalo lina dawa yake.