Nzi Naye Huacha Damu Ukutani

Watu wakijua kwamba nasomea wadudu wa maiti, huniuliza jambo moja tu: mabuu yanatuambiaje mtu kafa lini? Hilo lina siku yake. Linalonikosesha usingizi ni wadudu wanavyovuruga ushahidi, hasa nzi anavyopeleka damu mahali ambapo haikuruka.

Hapa Mombasa, kaskazi ikishika na madirisha yakiwa wazi, nzi wa kijani anaweza kufika kwenye damu mbichi kwa dakika chache. Hunywa, huruka, hutua ukutani, hucheua tone na kulifyonza tena. Kinyesi nacho huacha papo hapo. Kila alipotua pana doa.

Nilijaribu mwenyewe nyumbani, Kisauni. Nilitia damu ya mbuzi kisahanini, nikaifunika kwa chandarua pamoja na nzi kama ishirini na ubao uliopakwa chokaa. Asubuhi ubao ulijaa vidoa vya kahawia, vingi vidogo kuliko punje ya mtama. Kwa lenzi niliona baadhi vina kishimo katikati, pale mdomo wa nzi ulipofyonza. Vingine vilikuwa na mkia kama wa kiluwiluwi, mrefu kuliko doa lenyewe. Damu iliyorushwa na pigo huwa na mikia yenye mpangilio, ukiifuata inakurudisha ilikotoka. Ile ya ubaoni ilielekea juu, chini, kushoto, kulia.

Kemikali haitakuokoa. Kipimo cha awali kitasema ni damu, kwa kuwa ni damu kweli, na hata DNA ya marehemu inaweza kupatikana ndani yake. Nzi hupenda kutua karibu na mwanga, kwenye taa, vioo na madirisha. Sasa fikiria vidoa hivyo vimeonekana kwenye taa ya chumba cha pili: kijana wa watu anaweza kuulizwa alipigana na nani humo, na humo hakuna aliyekanyaga.

Chungu na mende nao hutafuna ngozi ya maiti, shingoni, midomoni, kwenye kope. Alama zikikauka hugeuka rangi ya kahawia, na jicho lisilozoea litaona kukabwa au kumwagiwa tindikali. Daktari akipasua hapo asikute damu iliyovilia chini ya ngozi, basi awafikirie wadudu kwanza. Tena chungu hubeba mayai ya nzi na kuyaondoa kwenye maiti, hivyo mabuu huchelewa kutokea na hesabu ya siku tangu kifo ikapotoka.

Ndugu zangu askari mnaofika wa kwanza, nawasihi msipulize dawa ya wadudu. Pigeni picha kuta zote, dari na taa, hata za vyumba vinavyoonekana safi. Andikeni dirisha lipi lilikuwa wazi na taa ipi ilikuwa ikiwaka. Na wale nzi waliokufa kwenye kizingiti cha dirisha, msiwafagie. Watieni kwenye chupa ya spiriti, mwandike walipookotwa.