Je, wajua? Maduka ya Eastleigh yalianzia chini ya kitanda

Ukishuka Eastleigh hapa Nairobi, Isli kama tunavyoiita, unapata majumba ya biashara yamebanana barabara nzima na wanunuzi wa jumla wametoka mpaka Kampala na Arusha. Watu huuliza hizi pesa zilitoka wapi, na jibu la haraka ni ati za maharamia. Hapana jamani, hesabu ya miaka inakataa. Uharamia wa Somalia ulishika moto kama 2008 mpaka 2011, na Isli ilikuwa soko kubwa zaidi ya miaka kumi kabla ya hapo. Sehemu kubwa ya jibu ni wanawake wakimbizi wa Kisomali, na mimi naona hawajapewa heshima yao.

Serikali ya Siad Barre kule Somalia ilianguka Januari 1991, watu wakakimbia, wengine wakaishia kambi za Dadaab, wengine wakapenya mpaka Nairobi. Isli kulikuwa na lojingi inaitwa Garissa Lodge, wakapanga vyumba pale. Sasa fikiria chumba kidogo, kitanda kimoja, mama na watoto, na mifuko ya nguo imesukumwa uvunguni. Asubuhi mlango unaachwa wazi, nguo zinatundikwa mlangoni na juu ya kitanda, mteja anasimama kwa korido anauliza bei, jioni mzigo unarudi chini na familia inalala. Chumba kikafuata chumba hivyo hivyo mpaka lojingi ikageuka soko, wenye majengo wengine wakaona wakaiga, ndio haya maduka yakaanza kupanda juu.

Lakini kwa nini wanawake? Wanaume wengi waliuawa ama walibaki vitani, kwa hivyo mara nyingi mama ndiye aliyefika na watoto na hana wa kumngoja. Halafu kuna dhahabu. Mahari katika Uislamu ni mali ya mke mwenyewe, na mtu anayekimbia risasi hawezi kubeba duka wala ngamia lakini bangili anazo mkononi, so wengi waliuza zile bangili ndio wakapata mtaji. Kitu cha tatu ndicho kinanigusa zaidi: mwanamke wa Kisomali anaweza kuwa amezaliwa ukoo huu na kuolewa ukoo ule, kwa hivyo hata koo zikipigana yeye ana ndugu pande zote mbili, na biashara ya mzigo wa Dubai ilitaka watu wanaoaminiana hivyo, unatumiwa bidhaa kwa mali kauli unalipa ukishauza.

Benki haikuwa na habari nao. Walichokuwa nacho ni ayuuto, kile sisi tunaita mchezo au chama. Tuseme wako kumi, kila mmoja anatoa 5,000 kwa wiki, mmoja anaondoka na 50,000 zote, wiki ijayo ni zamu ya mwingine. Hakuna riba, jambo zito sana kwa Muislamu, na hakuna dhamana, ni jina lako tu, na mwenye mgonjwa anaweza kutangulizwa.

Si wote walitajirika, tusidanganyane. Wako wanaouza chai, wako wa maziwa ya ngamia yanayoletwa kwa mitungi kutoka Isiolo, wako wanaofulia watu nguo. Na karatasi bado ni vita. Aprili 2014 kwenye msako wa polisi ulioitwa Usalama Watch maelfu walikamatwa, wengi wakazuiliwa uwanja wa Kasarani, na mama akizuiliwa duka linafungwa lakini kodi na mchango wa ayuuto havingoji. Kibali cha kazi cha mkimbizi, kile cha Class M, hakilipiwi, ila kukipata ni kuzungushwa ofisi hadi ofisi, kwa hivyo mwanamke anaweza kumaliza miaka 20 Isli, anauza, anasomesha, na leseni ya duka lake iko kwa jina la mtu mwingine.