Kupatana bei na ajenti si kununua nyumba

Wanunuzi wengi Nairobi huamini kwamba ajenti akishasema "mwenye nyumba amekubali," bei imefungwa na nyumba ni yao. Sivyo. Kifungu cha 3(3) cha Sheria ya Mikataba ya Kenya kinataka mkataba wa kuuza ardhi uwe wa maandishi, utiwe sahihi na pande zote, na kila sahihi ishuhudiwe na mtu aliyekuwepo. Mnada wa hadhara ndio ulioachwa nje. Kwa hiyo ofa ya mdomo au ya meseji ya WhatsApp kwa kawaida haimfungi muuzaji. Kesho akiletewa ya juu zaidi, anaweza kuichukua. Inauma, lakini nawe pia hujafungwa: ukikagua rekodi za hati kwenye Ardhisasa, mfumo wa serikali wa ardhi mtandaoni, ukakuta zuio la kuuza, rudi mezani na bei nyingine, au ondoka.

Amana, ambayo mazoea ni asilimia 10, husubiri mkataba na hupitia kwa wakili. Ajenti anayeitaka mapema kwa M-Pesa "akushikie nyumba" mkatalie kwa upole. Tena, kamisheni yake kwa kawaida hulipwa na muuzaji, kwa hiyo usimtajie kiwango chako cha mwisho.